Charlotte ni mbali, Katuba ni hapa: kanisa, Biblia na Mkristo wa mapenzi ya jinsia moja

Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2024 ujumbe wa sauti ulipita katika vikundi vya WhatsApp vya sisi Wamethodisti wa Lubumbashi. Msemaji hakujitaja jina. Alisema kanisa limeuzwa huko Marekani, na kwamba tangu siku hiyo wanaume wataoana mbele ya altare zetu, tupende tusipende. Jumapili iliyofuata, ibada ilipoisha, watu walimzunguka pasta chini ya mwembe wakitaka maelezo. Mimi nilikuwa bado ndani nikikusanya vitabu vya nyimbo vya korali. Kijana mmoja wa sauti ya tenori alibaki kunisaidia kuvipanga. Juu ya Marekani hakuuliza neno. Aliuliza hivi, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, mtu kama mimi anaweza kuendelea kuimba hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudi tuongee, naye akarudi, tena mara nyingi. Kwa ajili yake nimesoma mambo ambayo sikuwahi kuyasoma, na kwa ruhusa yake ninaandika haya, nikiwa nimeficha kila kitu kinachoweza kumtambulisha.

Nilichokiona ni kwamba tunabeba maswali manne yaliyofungwa kamba moja kama tita la kuni. Sheria ya nchi inasema nini? Kanisa limeamua nini? Biblia inasema nini, na kwa maneno ya nani? Na mtu mwenyewe, aliyebatizwa na kulelewa kanisani, afanyeje na maisha yake? Tita likishafungwa, jibu la swali moja hutumiwa kuliziba mdomo swali jingine. Mtu anauliza kama anaweza kuimba, anajibiwa habari za ndoa. Hakuuliza habari za ndoa.

Kilichoamuliwa Charlotte

Kanisa la United Methodist huongozwa na Konferensi Kuu, mkutano wa wajumbe kutoka nchi zote lilipo. Mkutano uliopangwa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya korona, ukaja kufanyika Charlotte, katika jimbo la North Carolina, tarehe 23 Aprili hadi 3 Mei 2024. Tangu 1972 kanuni za kanisa zilikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwenendo wa mapenzi ya jinsia moja haupatani na mafundisho ya Kikristo. Tangu 1984 mtu anayekiri kuishi hivyo hakuruhusiwa kuwekewa mikono awe mchungaji. Tarehe 1 Mei wajumbe walifuta lile katazo la uchungaji. Kesho yake wakaifuta ile sentensi ya miaka 52.

Hapo ujumbe wa sauti ulikuwa na chembe ya ukweli: kanuni zilibadilika. Lakini uliacha mengine, na hayo mengine ndiyo yanayotuhusu zaidi. Hakuna mchungaji aliyeamriwa kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja. Kanuni mpya inasema anayekataa haadhibiwi, na anayekubali haadhibiwi. Maelezo ya ndoa hayakufuta mume na mke. Mjumbe mmoja mwanamke kutoka Zimbabwe alisimama akaomba maneno "mwanamume na mwanamke" yabaki yameandikwa, ndipo yafuate maneno yanayowataja watu wazima wawili kwa ujumla, na mkutano ukakubali. Tena wajumbe walipitisha mpango wa kanda: kila eneo, Afrika ikiwa mojawapo, lijitungie kanuni zake katika mambo ya namna hii. Mpango huo ulihitaji kura za makonferensi ya mwaka, yaani mikutano ya majimbo ya kanisa, ulimwenguni kote, na mwaka 2025 kura hizo zikauthibitisha.

Kwa hiyo altare za Katuba na Kamalondo, mitaa yetu ya Lubumbashi, hazikuuzwa. Kilichofanyika ni kwamba Waafrika wamepewa kalamu. Hilo lina uzito wake, maana zamani tuliweza kusema kanuni ni za wote na tukanyamaza. Sasa neno litakaloandikwa litakuwa letu.

Nisifiche kwamba jambo hili limepasua kanisa. Kabla ya Charlotte, kati ya 2019 na 2023, makusanyiko zaidi ya 7,600 ya Marekani yalikuwa yameondoka, mengi kwa sababu waliona kanisa limelegea. Mwisho wa mwezi huohuo wa Mei 2024 Wamethodisti wa Côte d'Ivoire nao walipiga kura ya kujitoa. Walioondoka si watu wabaya. Wengi walitoka wakilia, kama wanavyotoka wakilia vijana wanaofukuzwa.

Kwa jirani zetu Wakatoliki

Mtaani kwetu nyumba moja inaweza kuwa na Wakatoliki, Wamethodisti, waumini wa kanisa la Kiprotestanti la Garenganze na watu wa makanisa ya uamsho, kwa hiyo habari za Roma hufika mezani kwetu pia. Tarehe 18 Desemba 2023 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko liitwalo Fiducia supplicans, kwa idhini ya Papa Francis. Lilisema padre anaweza kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaoomba baraka, bila ibada, bila mavazi ya arusi, bila kitu chochote kinachofanana na ndoa, na kwamba mafundisho ya ndoa hayajabadilika. Makelele yalipozidi, ofisi hiyohiyo ilieleza Januari 2024 kwamba inazungumzia sala fupi ya sekunde 10 au 15.

Jibu la Afrika lilitiwa sahihi na Mkongomani. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, akiwa rais wa muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza tarehe 11 Januari 2024 kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Kila mtu hapa anaikumbuka sehemu hiyo. Lakini tamko hilohilo linasema watu wenye mwelekeo huo waheshimiwe utu wao, na hii sijawahi kumsikia mtu akiirudia kwenye basi. Katekisimu ya Kikatoliki ya 1992 nayo inasema yote mawili, katika namba zinazofuatana: 2357 inayakataa matendo, 2358 inataka mtu apokewe kwa heshima na huruma na asibaguliwe isivyo haki, 2359 inamwita aishi katika usafi wa moyo na kujizuia. Francis mwenyewe, siku chache kabla ya kutua Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si jinai, na akawataka maaskofu wa nchi zenye sheria za kuwafunga watu hao wabadili moyo.

Mtu anaweza kuikubali namba 2357 kwa moyo wote na bado akavunja 2358 kila siku kwa ulimi wake. Hilo naliona hapa kuliko ninavyoona mjadala wa kweli wa mafundisho.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kongo haina kifungu kinachofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Mswada wa kuyafanya kosa uliwasilishwa bungeni 2010, na mingine ikafuata baadaye. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu amtakaye wa jinsia tofauti. Kwa hiyo ndoa ya jinsia moja haipo. Kifungu cha 66 kinamtaka kila Mkongomani amheshimu mwenzake bila ubaguzi wowote. Kati ya vifungu hivyo viwili kuna kifungu cha 176 cha sheria ya jinai ya 1940, kuhusu kuvunja maadili mbele ya watu, ambacho ni kipana kiasi kwamba mtu anaweza kutishwa nacho mpaka atoe hela. Anayesema kanisani "sheria inakataza" hasemi kweli, na anayesema "sheria inakulinda" naye hasemi kweli yote.

Maneno yaliyomo katika Biblia zetu

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi, mimi na kijana yule, kwa sababu alikuja na Biblia mbili: ya Kiswahili na ile ya Kifaransa ya Louis Segond ambayo baba yake aliisomea shule.

Tulifungua 1 Wakorintho 6:9. Katika Kiswahili cha Union Version, kati ya wasioirithi ufalme wa Mungu wamo "wafiraji" na "walawiti". Katika Segond mahali hapohapo pana "efféminés" na "infâmes", yaani wanaume wenye tabia za kike, na watu wa aibu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tangu utotoni alikuwa akiogopa namna anavyotembea, kwa sababu ya lile neno la Kifaransa. Alikuwa na miaka kumi hivi aliposoma kwamba sauti nyororo inampeleka mtu motoni.

Kigiriki cha Paulo kina maneno mawili pale: malakoi na arsenokoitai. La kwanza maana yake ya kawaida ni "laini". Ni neno lilelile ambalo katika Mathayo 11:8 limetafsiriwa mavazi "mororo", pale Yesu anapowauliza watu walikwenda nyikani kumwona nani. Likitumiwa kwa mtu, lilikuwa na maana nyingi: mlegevu, mpenda anasa, na pia mwanamume anayelaliwa. La pili ni zito zaidi. Limeunganishwa kwa neno la mwanamume na neno la kitanda, na kabla ya Paulo halijulikani kutumiwa na mwandishi mwingine. Wanaoshika mafundisho ya zamani wana hoja nzuri hapa: maneno hayo mawili yamo yote katika tafsiri ya Kigiriki ya Walawi 18:22 na 20:13, kwa hiyo yaelekea Paulo alikuwa akiifikiria Torati. Wanaosoma vingine husema ulimwengu aliouona Paulo ulikuwa wa mabwana na watumwa wao, wa watu wazima na wavulana walionunuliwa, na kwamba hicho ndicho alichokilaani.

Sasa angalia Kiswahili chetu. Neno "mlawiti" limetoka katika Kiarabu, katika jina la Luti, ambaye sisi tunamwita Loti. Maana yake tafsiri imeingiza mji wa Sodoma ndani ya barua ya Paulo, mahali ambapo Paulo hakuutaja. Tena neno lilelile arsenokoitai, linalotafsiriwa "walawiti" kwa Wakorintho, katika 1 Timotheo 1:10 limekuwa "wafiraji". Siwalaumu watafsiri. Walikuwa na kazi ngumu na walitumia maneno yaliyokuwepo. Nasema tu kwamba mtu anayepiga mimbari akisema "Biblia iko wazi" anapiga juu ya maneno yaliyopita mikono mingi.

Na Sodoma yenyewe? Mwanzo 19 inaeleza watu wa mji mzima wakitaka kuwanajisi wageni kwa nguvu. Ezekieli 16:49 inautaja uovu wa Sodoma kwa majina: kiburi, kushiba chakula, kufanikiwa, na kutoutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Mstari unaofuata unataja machukizo, na wanaoiona dhambi ya mwili pale wana sababu. Lakini mwenye njaa mlangoni ndiye aliyetajwa kwanza.

Kifungu kigumu ni Warumi 1:26-27. Hapo Paulo hasemi habari za watumwa wala za wavulana. Anasema watu wanaowakiana tamaa wao kwa wao. Kijana yule hakutaka nimpunguzie makali, akaniambia, "Yaya, hiki usikiruke." Hatukukiruka. Tulikisoma mara kadhaa, kisha tukaendelea mpaka sura ya pili mstari wa kwanza, ambapo Paulo anamgeukia msomaji aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kukubali na kumwambia kwamba yeye ahukumuye hana udhuru. Barua haina mapumziko kati ya sura hizo mbili. Aliyeziandika hakuweka namba.

Ukiniuliza ninaposimama: naamini Mkristo mwaminifu anaweza kuisoma Warumi 1 na kubaki na mafundisho ya zamani, na ninamheshimu. Siamini kwamba anaweza kuisoma na kubaki na jiwe mkononi.

Kifungu alichokipenda yeye kilikuwa kingine. Kumbukumbu la Torati 23:1 inamkataza mwanamume aliyehasiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Isaya 56 inamwambia towashi asiseme "mimi ni mti mkavu", na kumwahidi jina lililo bora kuliko wana na binti. Na katika Matendo 8 towashi wa Kushi, akiwa garini anamsoma Isaya huyohuyo, anaona maji na kumwuliza Filipo ni nini kinachomzuia asibatizwe. Towashi si shoga, na nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba anajua. Anachokiona pale ni mtu aliyefungiwa mlango na andiko, kisha akafunguliwa na andiko.

Yanayompata mtu mwenyewe

Wengi husema mambo haya yaliletwa na Wazungu. Lakini parokia nyingi za ukanda huu zina jina la Karoli Lwanga au la Mashahidi wa Uganda, na kila tarehe 3 Juni husimuliwa jinsi vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walivyokataa matakwa yake ya kimwili na kuuawa, miaka ya 1885 hadi 1887. Hatuwezi kusimulia hayo mwezi wa sita na mwezi wa saba tukasema jambo hili halikuwahi kuonekana Afrika. Tena nadhani hadithi hiyo imetufundisha kitu tusichokitambua: tunaposikia mapenzi ya jinsia moja, picha inayotujia ni mkubwa anayemlazimisha mdogo. Kulazimisha ni uovu popote, na mashahidi wale walikuwa na haki. Ila picha hiyo haimwelezi kijana wa tenori ambaye hajamgusa mtu.

Mtu huyu hana hata neno la kujiita. Waswahili wa pwani wana maneno yao, mengi yana dharau. Hapa Lubumbashi neno la mtaani ni la Kifaransa, fupi, nalo ni tusi. Ndiyo maana alisema "mtu kama mimi". Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi sana, na kila mara naona jinsi lugha yetu ilivyomwacha nje.

Akijulikana, jambo la kwanza huwa maombi ya ukombozi. Katika makanisa kadhaa ya hapa humfungia mtu siku tatu au saba bila chakula, wakimtafuta pepo au bulozi, yaani uchawi, wa ukoo, na akitoka bila kubadilika anaambiwa hana imani. Sisemi Mungu hawezi kumbadilisha mtu. Nasema waliojaribu kwa uwezo mkubwa kuliko wetu wamekiri walichokiona. Exodus International ya Marekani, huduma ya Kikristo iliyoanza 1976 na kuahidi kuwabadilisha watu, ilijifunga yenyewe Juni 2013, na rais wake Alan Chambers akawaomba msamaha walioumizwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa tangu 1990. Mtoto asiye mgonjwa akinyimwa chakula siku saba, anachopata ni njaa na hofu ya kanisa.

Dawa ya pili ni arusi. Wazazi wanatafuta msichana upesi, mahari inakusanywa na wajomba, korali inaimba. Mwaka wa pili mke anaanza kujiuliza ana kasoro gani. Nimekaa na mama mmoja wa namna hiyo jikoni kwake, bukari, ugali wetu, ikipoa mbele yetu. Hakuwa na hasira na mume wake. Alikuwa na hasira na sisi tuliojua tukanyamaza, tukapokea soda na kitambaa cha arusi. Ukiwa mzazi na unasoma haya, tafadhali usimponye mtoto wako kwa maisha ya binti wa mwenzako.

Wapo wanaochagua kuishi peke yao kwa ajili ya imani yao, bila mke wala mpenzi. Njia hiyo ni ya heshima ikichaguliwa, lakini kwetu ni ngumu mara mbili, kwa kuwa Mprotestanti asiyeoa hana mahali: si padre, si mtawa, ni "mvulana" hata akiwa na mvi. Kanisa linalomtaka mtu aishi hivyo linadaiwa kumpa familia, kumwita mezani Jumapili na kumwuguza anapougua. Wapo wengine wanaoacha kanisa na kusali nyumbani. Na wapo wanaoamini Mungu anabariki upendo wao kama ulivyo, nao wana mwalimu Mwafrika: Desmond Tutu, askofu mkuu wa Kianglikana, alisema 2013 kwamba angekataa kwenda katika mbingu inayowachukia watu hawa. Lakini hata yeye kanisa lake halikumfuata hadi mwisho. Binti yake Mpho, kasisi, alipomwoa mwanamke, mwaka 2016 alilazimika kuacha ruhusa yake ya kuhudumu Afrika Kusini.

Kijana wa korali yuko wapi kati ya hao? Bado anatafuta, na sitamharakisha. Anachokijua ni kwamba alizaliwa katika nyimbo hizi, bibi yake alimbeba mgongoni akiziimba, na mtu akimwambia achague kati ya Yesu na nafsi yake anahisi anaambiwa achague jicho la kung'olewa. Swali lake la kwanza nimeshalijibu. Anaimba. Kanuni yoyote ya kanisa letu, ya zamani au mpya, haimzuii mbatizwa kumsifu Mungu.

Wajumbe wa Afrika watakapokaa kuandika kanuni za kanda yetu, mengi yatasemwa juu ya ndoa, na yasemwe. Mimi nimepeleka ombi moja dogo kwa wazee wetu, ili liende mbele kama wataona vyema: kwamba mchungaji au mwalimu aliyeambiwa siri hii asiipeleke mimbarani, wala kwa wazazi, wala kwa kamati, bila ruhusa ya aliyemwambia. Kijana alilisoma kabla sijalipeleka. Nilikuwa nimeandika "mtu wa namna hiyo anapofungua moyo wake". Alichukua kalamu, akafuta maneno manne ya kwanza, na juu yake akaandika "Mkristo".